Wabosniaki: Waislamu wa Ulaya waliokataa kuitwa wageni kwao (uzi mrefu, uwe na muda)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa shikamooni.

Kuna kauli naisikia kila timu ya Bosnia ikicheza, kwamba wale jamaa ni Waturuki waliosahaulika Ulaya, eti Mzungu halisi hawezi kuitwa Mirza akafunga Ramadhani. Wengi wanaisema bila ubaya wowote ila kauli hiyo ina damu. Tarehe 11 Julai 1995, mwishoni mwa vita vya Bosnia, Jenerali Ratko Mladić wa jeshi la Waserbia wa Bosnia aliingia na askari wake Srebrenica, mji wa Waislamu mashariki mwa Bosnia, akasimama mbele ya kamera akasema wakati umefika wa kulipiza kisasi kwa Waturuki, na siku chache baadae wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 walikuwa wameshauawa na kufukiwa kwa matingatinga. Hao aliowaita Waturuki walikuwa wanaongea lugha moja na yeye, wengine walijuana kwa majina na waliowapiga risasi, na hawakuwa na kwao kwingine pa kurudi.

Kwahiyo leo tuongee Wabosniaki ni kina nani, dini imekaa wapi kwenye utaifa wao, na kwanini ile nchi wanaipenda kiasi kile. Msimamo wangu nauweka mapema: Uislamu haukuwatoa hawa watu kwenye ardhi yao, ulikulia hapohapo, na siku walipolazimika kuchagua kati ya Sultani na Bosnia walichagua Bosnia.

Tuwekane sawa kidogo. Mbosnia ni mtu yeyote wa Bosnia na Herzegovina, awe Mserbia, Mkroatia, Myahudi au Mroma. Mbosniaki ni wa lile taifa ambalo kwa historia na mila ni la Waislamu. Sensa ya 2013 ilihesabu watu 3,531,159, Wabosniaki wakiwa asilimia 50.1, Waserbia ambao wengi ni Waothodoksi 30.8, na Wakroatia ambao wengi ni Wakatoliki 15.4. Wabosniaki wengine wako Sandžak, eneo lililogawanywa kati ya Serbia na Montenegro.

Bosnia ilikuwepo kabla ya Uislamu kufika. Ipo hati ya Ban Kulin ya 1189, mtawala wa Bosnia anawaruhusu wafanyabiashara wa Dubrovnik wapite na bidhaa zao kwa amani, na imeandikwa kwa lugha ya wenyeji. Tvrtko wa Kwanza akavikwa taji la ufalme 1377. Waosmani, yaani dola ya Kituruki ya Istanbul, wakaiteka 1463 chini ya Sultani Mehmed wa Pili, na baada ya hapo wenyeji wakasilimu taratibu, vizazi na vizazi, na sio wote. Monasteri ya Wafransisko pale Fojnica mpaka leo inatunza hati ya Mehmed ya 1463 inayowahakikishia mapadri usalama wao na wa makanisa yao. Yaani ukimchukua Mbosniaki na jirani yake Mserbia na Mkroatia ni watu wa asili moja, kilichowatenga ni mlango wa ibada.

Sasa sikia hii maana wanaosema habari za Waturuki huwa hawaijui. Mwaka 1831 Husein-kapetan Gradaščević, mtu wa Gradačac, kijana ambaye hata 30 hajafikisha, aliwaongoza Wabosnia kumpinga Sultani. Walikasirika kwamba Istanbul inataka kuvunja utaratibu wao wa jeshi na utawala, na juu ya hapo wilaya zilizokuwa za Bosnia zinapewa Serbia kwa makubaliano ya wakubwa. Wakadai Bosnia itawaliwe na mtu wa Bosnia. Julai 1831 walilipiga jeshi la Waziri Mkuu wa Sultani huko Kosovo. Mwaka uliofuata wakashindwa karibu na Sarajevo, Husein akakimbilia Austria, na akafia Istanbul 1834 bila kuiona tena Bosnia. Wanamwita Joka la Bosnia. Huyo ni Mwislamu aliyemnyooshea upanga mtu aliyejiita khalifa wa Waislamu, kwa ajili ya nchi yake, mwaka 1831, wakati mataifa mengi ya Ulaya ya leo hayajazaliwa.

Na 1878 ilikuwa hivyohivyo. Mkutano wa mataifa makubwa pale Berlin uliikabidhi Bosnia kwa Austria-Hungaria, Istanbul ikakubali, wakuu wa mji wengi wakakaa kimya, wananchi wa kawaida wa Sarajevo wakapigana nyumba kwa nyumba hadi mji ukaanguka tarehe 19 Agosti.

Naendelea, tupeane nafasi ya maswali.

#2 Mchangiaji

Mashaallah uzi mzuri mkuu. Ndo maana ikasemwa hubbul watwan minal iman, kupenda nchi ni katika imani. Hiyo ni hadithi ya Mtume kabisa.

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, maneno hayo ni matamu na Bosnia nako yanatajwa, ila wanachuoni wa hadithi wamesema hayakutoka kwa Mtume (s.a.w.), as-Saghani kayaweka kwenye hadithi za kutungwa. Iliyopo kwa Tirmidhi ni yale aliyoiambia Makka wakati anatoka, kwamba wewe ni ardhi ipendwayo zaidi na Allah na lau watu wako wasingenitoa nisingetoka. Mimi hiyo inanitosha.

Na umenigusia kitu nilikuwa nakwenda huko. Baada ya 1878 Wabosniaki walikutwa na swali gumu la kidini: je, inafaa Mwislamu kuishi chini ya mfalme Mkristo, au lazima ahajiri? Maelfu walihama, wakauza mashamba kwa bei ya kutupa wakaenda Uturuki, mpaka leo vizazi vyao viko huko. Mufti wa Tuzla, Mehmed Teufik Azapagić, ambaye baadae alikuja kuwa Reis-ul-ulema yaani kiongozi mkuu wa Waislamu wa Bosnia, akaandika risala akisema kubaki kunaruhusiwa, kwamba mtu akiweza kuswali, kufunga na kulea watoto wake kwenye dini basi hapo ni kwake. Yule mufti angesema hameni, leo tusingekuwa na taifa la kuliongelea. Na alisema bakini kwa hoja za fiqhi, dini yenyewe ikatumika kuwafunga watu na udongo wao.

Cheo cha Reis kilianzishwa 1882 na kipo mpaka leo, sasa hivi ni Husein Kavazović, tangu 2012. Misikiti, madrasa na wakfu zinaendeshwa na jumuiya yao wenyewe.

#4 Mchangiaji

Mkuu tuambie wanavyoishi dini kila siku. Hizi habari za wafalme ni nzuri ila mimi nataka kujua mtu wa kawaida.

#5 Mwanzisha uzi

Haya dada yangu, hapa ndo pananipendeza mimi kuliko pote.

Sarajevo katikati ya Baščaršija, soko la zamani, kuna msikiti wa Gazi Husrev-beg ulioisha karibu 1531, na pembeni yake mnara wa saa. Sasa mtalii akiiangalia ile saa anadhani imeharibika, mshale uko saa tano wakati simu yake inasema saa nyingine kabisa. Haijaharibika, inahesabu kutoka Magharibi. Jua likizama inasoma saa kumi na mbili kamili, na kwa sababu jua kule linabadilika sana kati ya kiangazi na baridi, kuna mtu kazi yake ni kupanda mnara mara kwa mara kuisogeza. Mashine ililetwa kutoka London karne ya 19 lakini saa inafuata swala. Sisi tunaosema saa kumi na mbili jioni wakati saa ya mkononi imeandika sita hatuhitaji kuelezwa, tunaielewa ile saa kuliko Mzungu mwenzao wa Berlin.

Ramadhani mzinga unapigwa ngomeni Žuta tabija, taa za minara zinawaka mji mzima, watu wamekaa kwenye majani na somun za moto, mikate ya duara iliyonyunyiziwa habasoda. Kahawa wanakunywa kwenye vikombe vidogo, wanaita fildžan, yaani finjani. Mtu akifa wanawake wanakusanyika nyumbani kumsomea, sisi tungeita hitima. Maulidi wanasoma na wanayo ya lugha yao. Na kama vile tenzi zetu za kale zilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wao waliandika Kibosnia kwa herufi hizohizo karne nyingi, wakaita arebica. Muhamed Hevaji Uskufi alitunga kamusi ya Kibosnia na Kituruki 1631.

Halafu kuna Ajvatovica. Juu ya mji mdogo wa Prusac kuna mwamba uliopasuka katikati, na masimulizi yao ni kwamba mzee mmoja wa dini, Ajvaz-dedo, aliomba siku 40 mwamba ule ufunguke ili watu wapate maji, na ukafunguka. Kila Juni watu maelfu wanapanda na bendera, wengine wamepanda farasi, wanaswali na kuomba dua. Wakomunisti waliipiga marufuku 1947, ikarudi 1990. Hija wanaenda Makka kama Waislamu wote, ila na mlima wao wanaujua, mlima wa nyumbani, wenye jina la Kibosnia. Ndo maana nawaambia dini kule haielei hewani.

#6 Mchangiaji

Hapa mimi napinga. Mwislamu ni Mwislamu, hayo mambo ya taifa ndo yametugawa. Halafu dini kuwa kabila inawezekanaje? Mtu akiacha kuswali anabadilika kabila?

#7 Mwanzisha uzi

Swali la maana sana ndugu, na Yugoslavia, ile nchi ya Kikomunisti iliyokuwa na Bosnia ndani yake, ilihangaika nalo miaka mingi.

Kwenye sensa ya 1948 hawa watu waliambiwa wajiandike Mserbia Mwislamu, Mkroatia Mwislamu, au Mwislamu ambaye hajaamua. Wengi sana waliandika hawajaamua. Yaani mtu yuko kwenye nyumba ya babu wa babu yake halafu serikali inamwambia wewe bado hujaamua wewe ni nani! 1953 likatolewa hata hilo, ikabaki Myugoslavia asiyeamua. Mpaka 1968 chama cha Kikomunisti cha Bosnia ndo kikakubali kwamba ni taifa kamili, na 1971 likaingia kwenye sensa kwa jina la "Muslimani", M kubwa ikimaanisha taifa, m ndogo ikimaanisha dini. Kwahiyo alikuwepo mtu taifa lake Mwislamu na dini hana, mwanachama wa chama, pombe anakunywa. Jina hilo liliwapa nafasi mezani lakini lilikuwa na kasoro kubwa, lilikuwa linawataja kwa imani tu na kuiacha Bosnia nje, wakati Mserbia ana Serbia kwenye jina na Mkroatia ana Kroatia.

Tarehe 28 Septemba 1993, Sarajevo imezingirwa na jeshi la Waserbia wa Bosnia, mabomu yanaanguka, wawakilishi wao wakakutana humohumo mjini wakapiga kura kurudisha jina la kale, Bošnjak. Mtu anaweza kujiuliza kwanini ukae kujadili jina wakati unauawa. Mimi nadhani ndo wakati wenyewe. Anayekuua anasema wewe si wa hapa, na wewe unajibu kwa jina ambalo limebeba jina la nchi.

Kwahiyo nikijibu swali lako moja kwa moja: hapana, habadiliki. Asiyeswali ni Mbosniaki, anayeswali tano ni Mbosniaki. Dini ndo iliyowalea kama taifa, ndo iliyowapa majina, chakula, namna ya kuzika na kuoa, lakini kitambulisho hakikaguliwi msikitini. Na sisi wa pwani tusijifanye hatulijui hili, mjadala wa Mswahili ni nani na dini iko wapi kwenye Uswahili una umri gani kwetu? Na ni wangapi wameambiwa rudini Uarabuni?

#8 Mchangiaji

Mwanzisha uzi unawapaka mafuta. Vita vya pili vya dunia Waislamu wa Bosnia walikuwa na kikosi chao cha Hitler. Hilo mbona hujaliandika?

#9 Mwanzisha uzi

Naliandika bila shida. Divisheni ya Handžar ya SS iliundwa 1943, askari wake wengi walikuwa Waislamu wa Bosnia, na ilifanya mauaji ya raia Waserbia. Hilo ni doa na Mbosniaki mkweli analitaja. Septemba mwaka huohuo baadhi yao waliasi wakiwa mazoezini Ufaransa, pale Villefranche-de-Rouergue, wakaua maafisa wa Kijerumani.

Ila ukiweka hilo weka na hili. Oktoba 1941, Waustasha, mafashisti wa Kroatia walioshirikiana na Hitler, wanachinja Waserbia, Wayahudi na Waroma, zaidi ya wakuu 100 wa Waislamu wa Sarajevo waliweka saini zao kwenye azimio la kulaani, na miji mingine kama Mostar na Banja Luka ikafanya hivyohivyo. Hebu fikiria kuweka jina lako kwenye karatasi kama hiyo wakati ule. Na Derviš Korkut, mkutubi wa makumbusho Sarajevo, alikificha kitabu cha kale cha Wayahudi, Haggadah ya Sarajevo, Wanazi walipokuja kukitaka, na nyumbani kwake akamficha binti wa Kiyahudi.

Vita vya 1992 pia. Naibu kamanda aliyeilinda Sarajevo, Jenerali Jovan Divjak, alikuwa Mserbia mzaliwa wa Belgrade, alifariki 2021 na Wabosniaki walimlilia. Bendera waliyopigania ilikuwa nyeupe yenye maua ya yungi ya dhahabu, nembo ya wafalme wa Bosnia wa kabla ya Uislamu. Watu wanaokufa kila siku kwa sababu ni Waislamu wamebeba nembo ya mfalme Mkristo, kwa sababu alikuwa mfalme wa kwao.

#10 Mchangiaji

Miye niko St. Louis, Marekani, asili yangu Bukavu. Huku Wabosnia ni wengi sana, mtaa wa Bevo Mill mzima walikuwa wao, wamejenga mpaka nakala ya ile chemchemi ya mbao ya Sarajevo. Jirani yangu mzee mmoja wa Prijedor hapiti siku hajaitaja Bosnia. Sikukuwa najua hizi historia zote, asante sana.

#11 Mwanzisha uzi

Karibu sana ndugu wa Bukavu, na kuna kitu chako kabisa hapa.

Maktaba ya Gazi Husrev-beg ina miswada ya mkono maelfu, Qur'ani, fiqhi, tiba, elimu ya nyota, mingine ina umri wa miaka mamia. Agosti 1992 Vijećnica, maktaba ya taifa, ilipigwa makombora ikaungua na vitabu vyake, majivu yakaruka juu ya mji. Mkurugenzi wa maktaba ya Husrev-beg, Mustafa Jahić, akaona wao ndo wanaofuata. Wakaanza kuihamisha miswada kwa maboksi ya ndizi, mikononi, kwa miguu, kutoka jengo moja hadi jingine, wakivuka sehemu ambazo mdunguaji wa mlimani anakuona vizuri, na kila wakiona sehemu si salama wanahamisha tena. Na kwenye kundi lile dogo la wabebaji alikuwemo mlinzi wa usiku wa maktaba, na mlinzi huyo alikuwa mtu wa Kongo. Hakuwa Mbosniaki, hakuwa na babu pale, angeweza kusema vita hivi havinihusu. Alibeba. Kila nikisikia mtu anauliza Bosnia inatuhusu nini namkumbuka huyo bwana.

Mji ulizingirwa siku 1,425. Tarehe 6 Aprili 2012 walipanga viti vyekundu vitupu kwenye barabara kuu, 11,541, kiti kimoja kwa kila aliyeuawa Sarajevo.

Na huyo mzee wa Prijedor, mheshimu sana, kule watu walipitishwa makambi ya Omarska na Keraterm, ni maajabu kwamba yupo na anaongea. Kwenye Banja Luka ya jirani misikiti yote 16 ilibomolewa. Ferhadija ya 1579 ililipuliwa usiku wa kuamkia 7 Mei 1993, mawe yakatupwa jalalani na mengine ziwani. Wakayatafuta, wakayapanga jiwe kwa jiwe, wakaufungua tena tarehe 7 Mei 2016. Waumini waliorudi pale ni wachache sana ukilinganisha na zamani, wangeweza kujenga msikiti mpya wa bei rahisi sehemu nyingine. Walitaka ule ule, pale pale. Mimi nikiulizwa uzalendo ni nini natoa mfano wa mawe ya Ferhadija.

#12 Mchangiaji

Ninaandika kutoka Kigali. Nimesoma yote. Swali langu ni moja: je, kule wanaokana mauaji ya kimbari wanachukuliwa hatua? Maana sisi tunajua mauaji yanavyoendelea mdomoni hata baada ya panga kuwekwa chini.

#13 Mwanzisha uzi

Pole na asante ndugu yangu, wewe hili unalijua kuliko mimi.

Mahakama zimeshamaliza kazi. Ya The Hague, iliyoundwa kwa ajili ya vita vya Yugoslavia, iliita Srebrenica mauaji ya kimbari, Mahakama ya Haki ya Kimataifa ikasema hivyohivyo 2007, Mladić na Karadžić aliyekuwa kiongozi wa kisiasa wa Waserbia wa Bosnia wote walihukumiwa kifungo cha maisha. Na mahakama ile ya The Hague ilikuwa na chumba kimoja cha rufaa na yetu ya Arusha ya kesi za Rwanda, na kule Arusha hukumu ya 1998 ya Akayesu, meya wa Rwanda aliyepatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, ilikuwa imeshatangulia kuonyesha njia, kwahiyo haki ya Srebrenica na ya Rwanda zimefungwa kamba moja kisheria.

Shida iko ndani ya nchi. Mkataba wa Dayton wa 1995 ulisimamisha vita lakini uliigawa nchi sehemu mbili, Shirikisho la Wabosniaki na Wakroatia, na Republika Srpska ya Waserbia, ukaweka marais watatu, Mbosniaki, Mkroatia na Mserbia, na kila upande una uwezo wa kuzuia. Myahudi au Mroma hawezi hata kugombea urais, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema 2009 kwamba huo ni ubaguzi na bado katiba haijabadilishwa. Hata wimbo wa taifa hauna maneno maana hawakukubaliana waimbe nini. Mimi hapo ndo naumia zaidi, watu waliopigania Bosnia ya wote, yenye akina Divjak ndani yake, wakapewa nchi ambayo kila mtu lazima aingie kwenye sanduku la kabila lake ndo ahesabiwe. Na kuna Wabosniaki siku hizi wameshaanza kulizoea hilo sanduku, wanaongea kana kwamba Bosnia ni ya kwao peke yao. Hao nawapinga waziwazi, wanawapa Dayton ushindi ambao mizinga haikuupata.

Sheria ya kukataza kukana mauaji ya kimbari ipo. Ilijaribiwa bungeni mara kadhaa ikakwama, mpaka Julai 2021 Valentin Inzko, Mwakilishi Mkuu wa kimataifa, akaiweka kwa mamlaka yake siku chache kabla hajaondoka. Viongozi wa Republika Srpska waliikataa na bado wapo wanaokana hadharani.

Halafu Mei 2024 Umoja wa Mataifa ulipigia kura azimio la kuifanya 11 Julai siku ya kimataifa ya kukumbuka Srebrenica. Likapita kwa kura 84, 19 zikapinga, 68 hazikuegemea upande. Walioongoza kuliandaa ni nchi mbili, Ujerumani na Rwanda. Nchi nyingi zenye Waislamu wengi kuliko yenu zilijificha kwenye zile 68, nyie mkalibeba. Kwa hilo mimi nawashukuru kwa dhati.

Aliye na swali kuhusu Marš mira, ule mwendo wa amani wa siku tatu kutoka Nezuk hadi makaburi ya Potočari karibu na Srebrenica, kama kilomita 100 kupitia njia waliyokimbilia wanaume wa Srebrenica, aulize hapahapa. Ni wazi kwa mtu yeyote wa nchi yoyote, na unafanyika kila Julai kuanzia tarehe 8.